Msichana Yule Alijua Nini? Kuwaandikia Watoto Riwaya ya Utumwa wa Pwani Yetu

Hotuba iliyotolewa mbele ya waandishi, walimu, wahariri na wachoraji wa vitabu vya watoto. Imewekwa hapa yote kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.

Ndugu waandishi, walimu wetu, wahariri, na ninyi wachoraji mliojificha viti vya nyuma, salamu nyingi.

Nianze na swali. Msichana wa miaka tisa aliyechukuliwa kijijini kwao, karibu na Ziwa Nyasa, mwaka 1865, alijua nini? Aliijua Zanzibar? Hakuijua. Alimjua Sultani? Hakumjua. Alijua kuna karafuu, kuna konsuli wa Kiingereza, kuna manowari zinazozunguka baharini? Hakujua. Hata bahari yenyewe alikuwa hajawahi kuisikia. Alichokijua ni njaa ya mwaka ule, sauti ya mama yake, na kwamba watu waliomchukua wanasema maneno asiyoyaelewa. Basi.

Sasa fungueni miswada tunayoletewa. Ukurasa wa tatu tu, msichana huyohuyo anamwambia kaka yake: "Hii ni biashara ya utumwa. Wanatupeleka Zanzibar tukauzwe sokoni." Nani alimwambia? Amesoma wapi? Huyo si mtoto tena. Huyo ni mwandishi aliyevaa kaniki ya mtoto ili afundishe historia.

Neno langu la leo ni moja, na nitalizungusha mpaka mchoke nalo: mwandishi ajue yote, mtoto ajue yake. Riwaya isimame juu ya kile ambacho mtoto yule aliweza kukiona, kukisikia na kukihesabu kwa vidole.

Lakini ili mtoto ajue yake, wewe mwandishi huna budi kujua yote kweli. Kwa hiyo kabla ya sura ya kwanza, andika kalenda. Chukua karatasi kubwa, piga mistari: mwaka, mwezi, umri wa mhusika, upepo, mvua, kazi ya shambani, na sheria iliyokuwapo. Kila tukio la riwaya yako liwe na mahali pake kwenye karatasi ile. Kazi hii inachosha na haina raha yoyote, lakini ndiyo inayookoa vitabu.

Kwa nini upepo? Kwa sababu kwenye pwani hii upepo ndio uliopanga safari. Kaskazi inavuma kuanzia Desemba hadi Machi hivi, kusi inashika kuanzia Aprili na kuendelea miezi kadhaa. Kilwa iko kusini ya Unguja. Jahazi linalotoka Kilwa Kivinje kwenda Unguja linataka kusi. Ukiandika kwamba mwezi wa Januari jahazi liliondoka Kilwa "upepo ukilisukuma kwa kasi kuelekea Unguja," mtoto wa kisiwa cha Tumbatu ambaye baba yake ni mvuvi atakifunga kitabu chako na kukucheka. Na atakuwa na haki.

Kwa nini sheria? Kwa sababu mwaka mmoja unabadilisha riwaya nzima. Tuchukue 1873. Tarehe 5 Juni mwaka ule, Sultani Barghash, akiwa ametishiwa kuzingirwa na manowari za Waingereza, alitia saini mkataba wa kukomesha kusafirisha watumwa baharini, na soko la Zanzibar likafungwa. Waandishi wengi huishia hapo: kengele zinalia, watu wanashangilia, mwisho. Je, biashara ilikufa siku ile? Haikufa. Ilipanda nchi kavu. Wafanyabiashara waliwatembeza mateka kwa miguu kutoka Kilwa kwenda kaskazini kwa njia ya pwani, hata Sultani akalazimika kutoa matangazo mengine mwaka 1876 kuzuia misafara hiyo ya bara. Kwa hiyo ukiniletea mhusika wa mwaka 1874, simtegemei ngamani, yaani tumboni mwa jahazi kubwa. Namtegemea kwenye njia ya mchanga, usiku, akivushwa mito. Wakimpakia chomboni, basi ni kwa kificho, kuvuka kwenda Pemba.

Kwa nini Pemba? Turudi kwenye kalenda. Aprili 1872 tufani iliipiga Unguja ikaangusha mikarafuu mingi mno. Pemba ilinusurika kwa sehemu kubwa. Mashamba ya Pemba yakawa na thamani kuliko jana yake, na wenye mashamba wakataka mikono. Mkarafuu unachukua miaka kama sita au zaidi kabla ya kuzaa, kwa hiyo Unguja haikuweza kujirudi upesi. Mwandishi anayemweka mtoto wake mwaka 1874 akichuma karafuu chini ya mikarafuu mirefu ya Unguja isiyohesabika amemweka kwenye shamba ambalo huenda lilikuwa limelala chini.

Na mtoto anaona nini shambani? Haoni "uchumi wa karafuu." Anaona kwamba karafuu huchumwa kabla ua halijafunguka, na ukichelewa imeharibika. Anaona karafuu zikitenganishwa na makonyo, yaani vijiti vya vichala vyake, kwa mikono mpaka vidole vinanukia hata wakati wa kula. Anaona karafuu zilizoanikwa juani kwenye mikeka, na wingu likitokea kila mtu anakimbia kuzianua, kwa sababu karafuu iliyonyeshewa inapoteza rangi na bei. Anajua pia kwamba Alhamisi na Ijumaa, kwenye mashamba mengi ya Unguja, watumwa waliachiwa walime vijishamba vyao wenyewe, na kwamba muhogo wa wiki nzima hutoka huko. Hayo ndiyo ya mtoto. Yaandike hayo.

Ndugu zangu, twende njiani sasa, maana hapa ndipo makosa yanapomiminika.

Kosa la kwanza ni la haraka. "Walitembea siku kumi, wakafika pwani." Msafara wa kutoka Bagamoyo hadi Tabora ulichukua kama miezi mitatu. Watu waliondoka kabla ya alfajiri na kupiga kambi kabla jua halijawa kali. Siku nyingine hawakutembea kabisa: mvua, ugonjwa, mazungumzo ya hongo, yaani malipo ya kupita, na mtemi wa nchi, au kungoja chakula kinunuliwe. Na mateka hakwenda moja kwa moja. Aliuzwa hapa kwa nguo, kule kwa chumvi, kwingine kwa baruti, akakaa kijiji fulani msimu mzima akitwanga mtama wa watu, kisha akauzwa tena. Wavulana waliokombolewa na kusomeshwa katika shule ya wamisionari ya Kiungani, Unguja, waliandika habari zao wenyewe, na habari hizo zilichapishwa mwaka 1887. Zisome uone. Karibu kila mmoja ana mlolongo wa mikono aliyopitia, na ni mlolongo mrefu.

Mnaona zawadi mliyopewa hapo? Muundo wa riwaya umeshapatikana. Kila mmiliki mpya ni sura mpya, kila sura ina chakula chake, lugha yake, na mtoto mwingine wa kucheza naye kabla ya kutenganishwa. Huna haja ya kubuni vituko.

Kosa la pili ni kumtia kila mtu mnyororo. Ndani ya msafara mmoja walikuwamo watu wa aina nyingi. Kirangozi, kiongozi wa njia, mbele. Askari wenye magobori, bunduki ambazo ukishapiga mara moja unahangaika kuishindilia tena. Wapagazi, na wengi wao kwenye njia ya kati walikuwa Wanyamwezi huru waliokodiwa kwa ujira, kila mmoja na mzigo wa frasila mbili hivi, yaani kama kilo 32. Wapagazi hao waligoma, walidai posho, walitoroka wakiona wameonewa. Halafu ndiyo mateka. Watu wazima wa kiume walitiwa makongwa, magogo ya shingoni, au minyororo. Watoto wadogo mara nyingi hawakufungwa kabisa. Wangekimbilia wapi? Na hili kwa mwandishi ni kubwa kuliko mnyororo wowote: msichana anayetembea bila kufungwa, mikono yake huru, na bado hawezi kuondoka. Sura moja nzima iko hapo.

Kosa la tatu ni la mahali. Bagamoyo imeshika vichwa vyetu kwa utalii, lakini bandari kubwa ya bara ya kupakilia mateka katika karne ya 19 ilikuwa Kilwa Kivinje, hasa kwa watu wa upande wa Ziwa Nyasa. Bagamoyo iliishi zaidi kwa pembe za ndovu na wapagazi. Na pale Mkunazini, mjini Unguja, vile vyumba vya chini ambavyo wageni huoneshwa, viko chini ya jengo la wamisionari lililojengwa baada ya soko kufungwa. Usiweke humo tukio kubwa la kitabu chako. Kumbuka pia kwamba soko la Zanzibar lilihamahama. Lililoelezwa na nahodha Mwingereza mwaka 1811, watumwa wakiwa wamepakwa mafuta ya nazi na kupangwa mstari, wadogo mbele na wakubwa nyuma, mwendo wa saa kumi jioni, halikuwa pale Mkunazini panaposimama kanisa kuu leo.

Vitu vidogo nitavipitia mbiombio. Kanga usimvike mtu mwaka 1850. Mvike merikani, kitambaa cha pamba kutoka Marekani, au kaniki, kitambaa cheusi. Shilingi haikuwapo: bara walihesabu kwa doti za nguo, ushanga na nyaya za shaba, pwani kwa riale za fedha na sarafu ndogo za shaba zilizoitwa pesa. Mtumwa wa mjini hakuvaa viatu wala kofia mbele ya bwana wake, kwa hiyo wachoraji, angalieni miguu na vichwa. Na jahazi si ile meli ya bahari ya Atlantiki yenye sitaha za mbao zilizopangwa moja juu ya nyingine, ambayo mmeiona kwenye mchoro ule maarufu wa meli ya watumwa ya Waingereza. Jahazi lina ngama, lina sitaha ndogo upande wa shetri, yaani nyuma, lina tanga moja kubwa kwenye foromali, mti unaolishikilia, na watu walirundikwa popote palipobaki nafasi. Ukichora meli ya Liverpool ukaandika chini yake Kilwa, umedanganya mara mbili.

Sasa suala ambalo sisi tunaoandika Kiswahili tunalo, na wenzetu wa lugha nyingine hawana. Kitabu kiko katika Kiswahili. Mhusika wetu hajui Kiswahili! Kwao anasema Kiyao, au Kinyanja, au Kibisa. Kiswahili ni lugha ya waliomnunua. Tutafanyaje?

Njia inayofanya kazi ni hii. Mazungumzo ya nyumbani kwao yaandike kwa Kiswahili cha kawaida, laini, chenye utani na methali, kwa maana ndiyo lugha ya moyo wake. Wafanyabiashara wanapoingia, usiwanukuu. Eleza sauti: mtu yule alisema kitu kifupi, akakirudia, akaonesha chini kwa fimbo. Baadaye neno la kwanza analolishika lichapwe kwa italiki: maji. Kisha njoo. Kisha kaa. Kufikia pwani ana maneno thelathini, na msomaji ameyahesabu pamoja naye. Siku anapoelewa sentensi nzima ya watu wazima kwa mara ya kwanza, ifanye iwe sentensi inayomhusu yeye. Walimu watawaambia: mtoto wa darasa la tano ambaye nyumbani kwao husemwa Kimakonde au Kisukuma atalielewa jambo hili upesi kuliko mhariri wa mjini.

Tufike kwenye ukatili. Hapa watu hugawanyika. Wako wanaosema watoto wasitishwe, na wako wanaomwaga damu kila ukurasa ili "ukweli usifichwe." Mimi naona wote wanakosea kwa namna moja: wanafikiri ukatili ni suala la kiasi. Suala ni jicho la nani linaangalia.

Angalieni sentensi hii, ya aina tunayoipokea kila siku: "Watumwa walifungwa minyororo mizito na kuchapwa viboko bila huruma huku wakilia kwa uchungu." Mmeona nini? Hakuna. Ni kelele tu. Sasa sikilizeni hii: "Mtu aliyekuwa mbele yangu alikuwa na gogo lenye panda shingoni, na mwisho wa gogo umefungwa kwa mtu wa mbele yake. Nilipomwita alitaka kugeuka. Gogo likamvuta mwenzake, mwenzake akaanguka. Akaacha kugeuka. Nami nikaacha kumwita." Hakuna tone la damu hapo. Mtoto wa miaka kumi ameelewa kongwa ni nini na linafanya nini kwa watu wawili, na pia kwa wa tatu ambaye hakulivaa.

Kuna habari ya Swema, msichana wa Kiyao, iliyoandikwa na wamisionari wa Kikatoliki Zanzibar katika miaka ya 1860. Mama yake alikuwa mjane, akakopa chakula, deni likamshinda, na mdai akamchukua Swema kuwa malipo. Mama hakukubali kuachwa nyuma. Akaomba afuatane na msafara, abebe pembe kama mpagazi, mradi awe karibu na mwanawe. Nguvu zikamwishia njiani, akaachwa, na Swema akasukumwa mbele. Alifika Unguja amedhoofika hata akadhaniwa amekufa, akazikwa kwenye kaburi la kina kifupi. Kijana mmoja akasikia sauti, akamfukua na kumpeleka kwa masista.

Tunajifunza nini kwa kazi yetu? Kwamba mlango wa utumwa mara nyingi haukuwa uvamizi wa usiku na nyumba kuteketea. Ulikuwa deni. Ulikuwa nafaka iliyokopwa kwa jirani. Mtoto msomaji anajua deni ni nini. Amewasikia wazazi wake wakinong'onezana. Pia tunajifunza tahadhari: habari ile ilipitia kalamu ya padri aliyekuwa akiwaandikia wafadhili Ulaya, na sehemu zinazomfundisha msomaji kusamehe zina sauti ya padri kuliko ya msichana. Ukitumia ushuhuda wa namna hii, chukua mambo ya mwili na ya njiani, yaani mzigo, kiu, nani alibeba nini. Hotuba za mafunzo ziache kwa mwenyewe.

Kwa wasomaji wa miaka tisa hadi kumi na miwili, kifo kinaweza kutokea mbele ya msomaji, lakini kisikae ukurasa mzima. Habari ya usuria, yaani mtumwa wa kike kufanywa mwenzi wa bwana wake, isemwe kwa kile ambacho mtoto angekiona: dada yule alihamishiwa ghorofa ya juu, akapewa nguo mpya, hakulala tena na sisi. Mkubwa ataelewa, mdogo atapita. Sura ziwe za maneno 1,200 hadi 1,500, mwalimu aisome kwa sauti na bado kipindi kibaki na nafasi ya maswali. Na ndui na kipindupindu kilichoikumba Zanzibar mwaka 1869 na 1870 visisahauliwe, kwani viliua watu wengi kuliko kiboko.

Sasa nani mbaya katika kitabu chako? Angalieni darasa letu. Mna mtoto wa jina la Kiarabu, mna Myao, mna Mnyamwezi, mna mwenye asili ya Kihindi, mna ambaye bibi ya bibi yake aliletwa Unguja akiwa mateka, na huenda nyumbani kwao halijasemwa kamwe. Ukiweka mbaya mmoja mwenye kilemba na ndevu, umeanzisha ugomvi wa wakati wa mapumziko, na historia yenyewe umeikata nusu. Mfanyabiashara Mfaransa Morice alifanya mkataba na Sultani wa Kilwa mwaka 1776 apewe watumwa 1,000 kila mwaka, kwa ajili ya mashamba ya visiwa vya Wafaransa. Machifu waliuza. Wayao walisafirisha. Matajiri wa Kihindi walikopesha mitaji. Pembe zilizobebwa kwenye misafara hiyo ziliishia kuwa vibonyezo vya piano huko Connecticut, Marekani, na merikani iliyolipia watu ilifumwa Massachusetts, hukohuko Marekani. Mtoto wako hawezi kuyaona hayo yote. Lakini anaweza kuona kwamba aliyemuuza anafanana na mjomba wake, na kwamba aliyempa maji alivaa kilemba.

Na mwokozi je? Jihadharini na Mzungu anayetokea sura ya mwisho na bunduki. Chuma, mvulana wa Kiyao, alikombolewa mwaka 1861 na kundi la Livingstone, mmisionari na mpelelezi Mwingereza, kusini ya Ziwa Nyasa. Ni kweli. Lakini miaka kumi na miwili baadaye, Livingstone alipofia katika kijiji cha chifu Chitambo, ni Chuma na Susi, watumishi wake, na wenzao waliokausha maiti na kuibeba miezi kadhaa mpaka pwani, wakafika Bagamoyo Februari 1874. Nani alimwokoa nani? Kuna watoro pia: watumwa waliokimbia na kujenga makazi yao, kama Fuladoyo katika nchi ya Wagiriama, pwani ya Kenya. Kitabu cha watoto kuhusu watoro wa Fuladoyo kingenifurahisha kuliko vitano vya soko la Zanzibar.

Mkishamaliza muswada, wasomeeni watoto kabla ya kumpa mhariri. Msiwaulize kama wameupenda, watasema ndiyo. Waulizeni msichana alikuwa wapi sura ya nne, na alikula nini. Wakishindwa, njia yenu haionekani. Mwishoni wekeni ramani moja, si tatu, na orodha fupi ya yaliyo kweli na yaliyobuniwa. Watoto wataulizia tu, bora wajibiwe.

La mwisho ni sura ya mwisho. Chukueni kalenda yenu mpige hesabu. Msichana aliyekuwa na miaka tisa mwaka 1865 alikuwa na kumi na saba soko lilipofungwa, na bado alikuwa mtumwa. Mwaka 1897 Zanzibar ilipofuta hali ya utumwa kisheria, alikuwa na arobaini na mmoja, na uhuru haukumfuata nyumbani: alitakiwa aende mwenyewe mahakamani kuuomba. Fidia ilipangwa kulipwa, lakini kwa bwana wake. Na kama alikuwa suria, sheria ile haikumhusu. Alingoja hadi 1909, akiwa na miaka hamsini na mitatu. Kwa hiyo kama riwaya yako inaishia kwa msichana mdogo anayerudi kijijini kwa mama yake, nioneshe kwenye karatasi yako ni mwezi gani, kwa njia ipi, nani alimlisha, na alipofika aliongea lugha gani.

Asanteni sana kwa kunisikiliza. Maswali tuanze na walimu, maana wao ndio watakaosimama na kitabu hiki mbele ya watoto.